Mama alizikwa Kibosho, bila malumalu

Mama alifia Dar, na simu zilianza hata hatujatoka mochwari. Baba mkubwa wa Kibosho aliuliza mwili unaondoka lini. Wajomba wa Muheza walitaka dada yao arudi alikozaliwa. Dada yangu alitaka Kinondoni ili tuwe tunamtembelea, ingawa makaburi ya pale yamebanana mpaka huwezi kupita bila kukanyaga la mwenzako.

Uchagani mke wa mtu hulala kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwa mumewe, kwa hiyo kwa baba mkubwa hapakuwa na la kujadili. Ila mimi nilikuwa na daftari la kikoba la mama. Tukiwa tunachambua mchicha aliniambia anavyotaka azikwe, nikamwomba aandike na kusaini. Nilikuwa na hofu ya yaliyomkuta Wambui Otieno wa Kenya. Mumewe, wakili S.M. Otieno, alifariki Desemba 1986. Mjane alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, ukoo wa mumewe, Umira Kager, ukataka Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Mei 1987. Aliyoyasema kwa mdomo akiwa hai hayakumsaidia mkewe.

Kwenye kikao cha familia daftari lilizunguka mkono kwa mkono. Chini ya hesabu za hisa mama aliandika: "Nizikwe karibu na baba yenu. Msinijengee malumalu, udongo unanitosha." Mjomba mkubwa aliutazama mwandiko muda mrefu, akasema ni wake, ila arobaini ifanyike Muheza. Tukakubali palepale.

Kazi ikawa kwenye malumalu. Baba mkubwa alisema kaburi la udongo ni aibu, watu watasema tumemtupa shemeji yake. Namwelewa, alimpenda. Lakini kama tumemtii mama kuhusu mahali, tungemkatalia vipi kuhusu udongo? Mwishowe alikwenda mwenyewe kukata masale, mmea ambao Wachaga wanauheshimu, akayapanda upande wa kichwani, karibu na msalaba wa mti.

Kimila boma la wazazi ni la kitinda mimba wetu. Tumemwomba, naye amekubali, iandikwe mbele ya ukoo kwamba kijia cha makaburini ni cha watoto wote, hata siku shamba likija kubadili mikono.