Siku niliyowazuia waliolala

Nimerudi Dar jana usiku kutoka msibani Muheza, na kila nikikumbuka ya juzi natamani ardhi ipasuke.

Tulimzika shangazi Jumamosi. Kati ya wageni alikuwamo bibi mmoja Mwingereza, nesi mstaafu, waliyefanya naye kazi miaka hiyo. Akaombwa asome somo. Akatoa Biblia yake ndogo nyeusi, mgongo umeshikizwa kwa plasta ya hospitalini, ya tafsiri ile ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611. Mimi, kwa vile ndiye "mwenye Kiingereza" wa ukoo, nikasukumwa mbele nikalimani. Wala sikuhofu. Tafsiri ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Tukaenda vizuri mpaka Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4, mstari wa 15. Akasoma kwamba sisi tulio hai hata kuja kwake Bwana "shall not prevent them which are asleep". Nami, kwa sauti ya mtu anayejua, nikasema: "Hatutawazuia wao waliolala."

Watu chini ya turubai wakaguna. Nyuma kuna mtu alikohoa kile kikohozi cha kumeza kicheko.

Wakati wa kunawa mikono, babu mmoja, katekista wa zamani, akaniita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, maiti unamzuia asiende wapi?" Halafu akanisomea mstari kwa kichwa, kama ulivyo katika Biblia yetu ya mwaka 1952: hakika hatutawatangulia.

Hatutawatangulia! Usiku sikulala. Prevent inatokana na Kilatini: prae ni mbele, venire ni kuja. Kuja mbele ya mwenzio, kumtangulia. Biblia ya Kilatini hapo hapo ina praeveniemus, na wale wafasiri wa mfalme James walikisoma Kilatini tangu utotoni, kwa hiyo neno liliwajia na maana yake ya nyumbani. Katika Zaburi ya 119 wamemfanya mwimbaji aseme ali-prevent mapambazuko, yaani aliamka kuomba kabla hakujakucha. Mimi ningemfanya azuie jua lisichomoze. Kitabu cha sala cha Waanglikana nacho kina sala inayoanza "Prevent us, O Lord, in all our doings". Mwombaji anamsihi Mungu amtangulie katika kila afanyalo. Sikio la leo linasikia mtu anaomba azuiwe asifanye lolote.

Nadhani naelewa neno lilivyoteleza. Ukimtangulia mtu mlangoni, umekwishamzibia njia. Pole pole watu wakasahau kutangulia, wakabaki na kuziba.

Halikuteleza peke yake. Milton, mshairi wa Kiingereza, katika utenzi wake wa mwaka 1667, anasimulia maji ya bustani ya Edeni yakitiririka kwa "mazy error", na Adamu na Hawa hata tunda hawajaligusa! Kosa gani hapo? Hakuna. Kwa Kilatini errare ni kutangatanga, na maji yanapinda tu huku na huku chini ya miti. Huyu sikumwonea taabu, maana sisi wenyewe tuna kupotea kwa njia na kupotea kwa tabia. Extravagant ya Shakespeare, kwenye Hamlet, ndiyo iliyonichekesha: mzimu unaitwa hivyo, nami nikawazia mzimu wenye matumizi makubwa. Kumbe ni wa kuzurura nje ya mipaka yake, na jogoo akiwika sharti urudi.

Alfajiri, nikiwa nimelala chali kwenye mkeka, ndipo nikalifikiria neno marehemu. Nimelitamka maisha yangu yote kwa maana ya aliyekufa, basi. Kwa Kiarabu marhum ni aliyerehemiwa. Rehema imo humo humo ndani, na sikuwahi kuisikia. Siku ile pale kaburini nililitaja mara nne au tano.

Kwenye basi la kurudi nilifungua simu kufuta picha, nafasi imejaa. Nikakuta ujumbe wa binamu, ule wa Alhamisi uliotupa habari. Niliusoma nikiwa kazini, nikausambaza kwa ndugu karibu ishirini, nikapanda nao basi mpaka Muheza: "Poleni. Shangazi ametutangulia."