Jinsi Nilivyochagua Mazoezi ya Mwili Baada ya Kustaafu

Mtu akistaafu hapa Tanga, ushauri wa kwanza anaopewa kuhusu afya yake ni kwamba atembee. Nami niliupata ushauri huo kwa majirani, kwa wanangu na kwa waumini wenzangu msikitini, na kwa kuwa barabara ya Raskazone inapata upepo mzuri wa bahari, niliufuata kwa furaha. Kutembea kulinifaa kwa pumzi na kwa usingizi, lakini hakukunisaidia katika jambo lililokuwa likinisumbua zaidi: kila nilipotaka kuinuka kutoka sijida nililazimika kuegemea ukuta, na choo cha kuchuchumaa kilikuwa kimeanza kunitia hofu. Nilikuwa na umri wa miaka 68, nikitumia dawa za presha, na goti langu la kulia lilikuwa na maumivu ya muda mrefu. Nilichohitaji ni mazoezi yatakayochaguliwa kwa kuangalia mwili wangu ulivyo, si yale yanayosifiwa na kila mtu.

Nilianzia kliniki ninakochukulia dawa. Daktari alinieleza mambo mawili ambayo yalibadilisha mpango wangu wote. Kwanza, mojawapo ya dawa zangu, atenolol, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono ili kujua kama ninajichosha kupita kiasi kungenidanganya. Kipimo bora kwangu ni maongezi, yaani niwe ninaweza kuzungumza ninapotembea lakini nisiwe na pumzi ya kutosha kuimba kaswida. Pili, dawa yangu nyingine hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na mtu wa aina yangu akitoka jasho jingi kwenye jua la saa nne asubuhi, anaweza kushikwa na kizunguzungu anaposimama ghafla. Tangu hapo ninatembea baada ya sala ya alfajiri kunapopambazuka, au jioni jua linapopoa, na mwezi wa Ramadhani mazoezi yote huhamia baada ya futari.

Daktari huyo ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwisho kabla sijaacha chaki.

"Shikamoo, mwalimu," alinipokea. "Kabla sijakupa zoezi lolote, naomba ukae kwenye kiti hiki, ukunje mikono kifuani, kisha uinuke na kukaa mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30."

"Marahaba, mwanangu. Hilo tu?"

"Hilo tu, mwalimu. Ukichoka, pumzika."

Kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 74, kuinuka chini ya mara 12 huhesabiwa kuwa pungufu, na mimi sikufika huko. Kisha akaniambia nisimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde 10, naye akiwa amesimama karibu tayari kunidaka. Niliyumba. Kwa maoni yangu, vipimo hivyo viwili vina thamani kuliko orodha ndefu za mazoezi zinazosambazwa kwenye simu, kwa sababu vilionyesha waziwazi kwamba udhaifu wangu ulikuwa kwenye mapaja na katika kusimama bila kuyumba, ilhali moyo na mapafu, ambavyo nilikuwa nikivihangaikia kila asubuhi, vilikuwa na nafuu.

Alinifahamisha pia kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, waimarishe misuli angalau siku 2, na juu ya hayo wafanye siku 3 au zaidi mazoezi yanayochanganya nguvu na uthabiti wa kusimama, ili kuzuia kuanguka. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo isiyotajwa barazani.

Mpango tuliokubaliana ulifuata mfano wa mazoezi ya nyumbani yaliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kupunguza kuanguka kwa wazee. Ninainuka kitini polepole na kukaa polepole zaidi, kwa sababu kule kushuka ndiko kunakoyafanyisha mapaja kazi. Ninanyoosha goti nikiwa nimekaa, nikiwa nimefunga kifundoni mfuko wa turubai wenye kilo moja ya mchanga, ambao mke wangu aliushona kwa mkono. Ninasimama kwa vidole nikishika meza ya jikoni, ninatembea kwa upande, na kutembea kisigino kwa kidole kando ya ukuta. Kiti ni cha mbao na kimegusishwa ukutani. Viti vya plastiki vya shughulini huteleza na kupinda, na sivipendekezi hata kidogo. Ninapoinuka ninatoa pumzi, kwani kuibana wakati wa kutumia nguvu hupandisha presha ghafla.

Kuhusu goti, tulipanga kanuni rahisi: maumivu madogo ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili yanavumilika, lakini goti likivimba, au likiniuma zaidi asubuhi inayofuata, ninapunguza uzito na idadi bila kuacha kabisa. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni sababu ya kusimama papo hapo na kwenda kituo cha afya. Baada ya miezi michache nilianza kuinuka kutoka sijida kwa kuweka mkono gotini tu, na ukuta ukabaki wa matembezi ya kisigino.

Mwanangu alinishawishi nijiunge na klabu ya jogging ya mtaani, ambayo ina watu wachangamfu na fulana nzuri, ila kukimbia juu ya lami hakulifai goti hili, nami nilikataa bila majuto.

Mke wangu alipotaka kuanza, hatukumpa mpango wangu. Yeye ana kisukari na anatumia dawa za kushusha sukari, kwa hiyo hafanyi mazoezi akiwa na njaa, huweka tende karibu, huvaa raba zenye soksi badala ya ndala, na hukagua nyayo zake kila jioni asije akawa na kidonda asichokihisi. Alipopimwa kwenye kiti alivuka kiwango cha umri wake bila shida, kwa hiyo amepewa zaidi mazoezi ya mabega na ya kusimama kwa mguu mmoja, na mfuko wake wa mchanga sasa ni mzito kuliko wangu, jambo ambalo huwaeleza wageni wote wanaotutembelea.