Utomvu wa papai kwa mbuzi: sasa naweza kujua upi una nguvu

Jamani maziwa yamenitatulia! Kwa mnaofuatilia huu mradi wangu wa minyoo ya mbuzi hapa Ganda, Malindi, kilichonisumbua muda wote huu si minyoo wala mbuzi, ni utomvu wenyewe. Leo nampa mbuzi, mayai ya minyoo kwenye kinyesi yanashuka vizuri, nikirudia kwa mwingine kipimo kilekile hakuna kitu, na papai ni la mti uleule. Nlikua nalala na hio kitu kichwani naamka nayo.

Manake anayemla mnyoo ni papaini, kimeng'enya cha kwenye utomvu wa papai bichi, kinamlainisha mnyoo ile ngozi ya nje mpaka inaachia. Na papaini haitaki jua kali, haitaki kuchemshwa, haitaki kukaa wazi kwenye hewa, haipatani na chuma. Sasa kwa joto hili la Malindi, upepo wa kaskazi umekatika na kusi bado, utomvu niliokinga alfajiri ikifika saa sita mchana bado ni dawa ama ni maji meupe tu? Kwa macho hujui kabisa.

Basi papaini inagandisha maziwa, hata maabara wanaipima nguvu hivyohivyo. Nakoroga maziwa ya unga (ya ng'ombe yanabadilika kila siku, hayafai), kiasi kilekile, uvuguvugu uleule, natia matone, nabonyeza saa ya simu. Ule mbichi wa alfajiri umegandisha sijamaliza hata kukoroga, ulioanikwa juani nimesubiri mpaka nikachoka, ule wa kivulini uko katikati. Unga wote wa juani nimemwaga, roho haikuniuma hata kidogo. Siku hizi kwenye daftari kila mbuzi ana muda wa kuganda kando ya hesabu ya mayai, na zinaenda pamoja, utomvu ukichelewa kugandisha na mayai hayashuki. Wallahi nimefurahi.

Vifaa: wembe uwe wa stenlesi, chombo cha glasi, na glavu lazima, utomvu unababua ngozi. Kioo cha McMaster, kile cha kuhesabia mayai ya minyoo kwa hadubini, msidanganywe kwamba slaidi ya kawaida inatosha, bila vile vyumba viwili vyenye mistari huhesabu, unakisia. Gramu 4 za kinyesi, mililita 56 za maji ya chumvi, jumla ya vyumba vyote viwili mara 50, hapo unapata mayai kwa kila gramu ya kinyesi. Chumvi natumia ya mawe ya Gongoni, naongeza mpaka nyingine inabaki chini haiyeyuki, mayai yanaelea safi. Ile kadi ya FAMACHA ya Afrika Kusini ya kulinganisha rangi ya ndani ya kope la jicho naipenda, ila inakuonyesha damu iliyopungua, haikuhesabii mayai.

Na mbuzi mwenye kope nyeupe simfanyii majaribio mimi, huyo anapata dawa ya duka na bwana mifugo anaitwa. Shida ni kwamba dawa nazo minyoo inazizoea, ukimpa mbuzi dawa halafu mayai hayajapungua hata kwa asilimia 95 basi hapo ujue pana usugu, ndio maana nahangaika na mipapai.

Mpango ulikua sasa nianze mkilifi (mwarobaini), majani yashakauka. Lakini ngojeni kwanza, kuna kitu kimenijia. Huyu mnyoo mnyonya damu, hemonkasi, anakaa tumbo la nne, na utomvu ukimezwa unapita kwanza tumbo kubwa lenye vijidudu vya kuchachusha majani, si wanaweza kuila papaini kabla haijafika? Nikipata maji ya tumbo kubwa la mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, nikayachanganya na utomvu kwenye thamosi yakae na joto, niwe nachota kidogokidogo naupima kwa maziwa, na chupa nyingine ya maji ya tumbo matupu ya kulinganishia, jibu nitaliona. Mkilifi utasubiri. Kesho alfajiri niko machinjioni na thamosi zangu mbili.