Nilivyomtafsiria mama The Good Lie

Mama Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, nami nilitaka sana aione The Good Lie, filamu ya mwaka 2014 kuhusu watoto wa Sudan waliokimbia vita kwa miguu hadi kambi ya Kakuma, Kenya, na baada ya miaka mingi wakapelekwa Marekani. Nikakaa pembeni yake, nikaanza kutafsiri kila neno. Dakika kumi hazikuisha.

"Mwanangu, nikusikilize wewe au niwaangalie hao watoto?"

Nikanyamaza. Kwa kweli ile sehemu ya mwanzo haihitaji mkalimani. Theo, kaka mkubwa wa kundi hilo, aliposimama mbele ya askari nilisema tu, "Anawaambia yuko peke yake." Mama akamalizia, "Na wenzake wamelala kwenye majani."

Shida ilianza walipotua Marekani. Utani mwingi wa Kansas City ni wa maneno, na ukiufafanua unakufa, kwa hiyo niliuacha upite. Nilisimamisha picha pale tu mama alipouliza. Mara ya kwanza ni uwanja wa ndege, dada yao Abital alipotengwa na kaka zake akapelekwa Boston. "Sasa huyo wamempeleka wapi?" Hapo nilieleza kirefu, na bado hakuridhika. Jeremiah, mmoja wa vijana hao, alipotakiwa kutupa chakula cha dukani anakofanya kazi, mama hakuuliza kitu. Alisonya.

Nilipomwambia kwamba Ger Duany, aliyeigiza kama Jeremiah, na Emmanuel Jal, aliyeigiza kama Paul, walishikishwa bunduki kweli utotoni, akataka turudi nyuma awaangalie tena nyuso zao. Tukarudi.

Kilichonishinda ni jina la filamu. "Uongo Mzuri" lilisikika kama sifa ya tapeli. "Uongo Mwema" likanikalia kama hotuba ya msikitini au kanisani. Darasani Mamere, mdogo wake Theo, anasoma kisa cha Huckleberry Finn, kijana wa riwaya ya Mark Twain, na uongo aliousema kumwokoa Jim, mtumwa aliyetoroka, nami nikakipitia haraka haraka, bila kumwambia mama kuwa jina limetoka humo. (Kama hujaiona, usisome mbele.)

Mwishoni Mamere anarudi Kenya, anampata Theo, anampa hati zake mwenyewe za kusafiria ili aende Marekani kwa jina lake, kisha anabaki yeye. Mama alikaa kimya kidogo.

"Amedanganya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kama yule kaka yake, siku ile ya askari."

"Ndilo jina la filamu hilo," nikamwambia.