Mnara wa mashujaa wa kijiji: majina kwanza, zege baadaye

Kijiji kikiamua kuwajengea mnara askari wake waliofia vitani, kikao cha kwanza huishia kubishania urefu na aina ya jiwe. Hayo yasubiri. Kazi kubwa ni orodha ya majina.

Karani wa jeshi aliandika jina alivyolisikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana mara mbili kwa tahajia mbili. Linganisheni rekodi za jeshi na kauli za familia, kisha bandikeni orodha hadharani walau mwezi mzima kabla fundi hajashika patasi. Jina lililochongwa vibaya kwenye graniti halifutiki. Mtabadilisha bamba zima. Amueni pia kama wapagazi, wapishi na waliokufa kwa maradhi wamo. Kwa maoni yetu, wamo. Sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ziliwekwa kuwaenzi askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini hazitaji jina la hata mmoja wao, na wajukuu hawana pa kuweka kidole.

Kamanda naye? Tume ya makaburi ya vita iliyoundwa Uingereza mwaka 1917 iliamua kwamba jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe la aina moja. Uamuzi huo bado ni sahihi. Kamanda aandikwe kwa herufi za kimo kilekile, cheo kikitangulia jina. Kama alirudi hai, asichanganywe na marehemu: apewe mstari wake juu, unaosema aliwaongoza.

Sasa pigeni hesabu ya bamba. Herufi za sentimita 2.5 husomeka vizuri umbali wa mita 3, na kila mstari pamoja na nafasi yake huchukua sentimita 4. Majina 40 katika safu mbili ni mistari 20, yaani sentimita 80. Ongezeni kichwa cha maneno, pambizo na nafasi ya majina matano au sita, kwa sababu familia nyingine hujitokeza baada ya uzinduzi. Mtafika bamba la mita 1.2 kwa mita 1. Graniti ya ukubwa huo yenye unene wa sentimita 3 ina karibu kilo 100, kwa hiyo gundi peke yake haitoshi: wekeni pini nne za chuma kisichoshika kutu. Pini za chuma cha kawaida hushika kutu, hutanuka na kupasua jiwe kuanzia tundu.

Nondo nazo ni hivyo hivyo. Zifunikwe na zege la sentimita 5, zikae juu ya biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo), zisiguse udongo. Mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto wa 1:2:4 unatosha, mradi zege limwagiliwe siku 7 mfululizo. Sakafu ya kuzunguka mnara iteremke sentimita 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na msingi.

Kuosha ni kwa maji safi na brashi laini. Asidi hula marumaru hadi herufi zikapoteza kingo, na brashi ya waya huacha chembe za chuma zinazogeuka madoa ya kutu.