Nilivyomprintia mpwa wangu kifaa cha mguu hapa Tanga

Mimi sio daktari, natengeneza simu na laptop Ngamiani, na hii printa ya 3D niliinunua mtumba ili niwe naprinti vigia na vifuniko vya mashine za watu. Sasa dada yangu ana binti wa miaka 5 mwenye mtindio wa ubongo, mguu wa kulia anakanyagia vidole, kisigino hakifiki chini. Alikuwa na kile kifaa cha plastiki cha kushika kifundo, wenyewe wanakiita AFO, alitengenezewa Moshi, ila mtoto anakua bwana, kikaanza kumbana mpaka akawa akikiona tu analia.

Nikajiona mjanja. Nikamkalisha kwenye meza, nikamzungushia simu na programu ya kuskani, usiku faili likawa tayari, nikaprinti, kimetoka kizuri hadi nikakipiga picha. Nikampelekea mzee mmoja fundi viungo, alisoma TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi, zamani na sasa amestaafu, akakigeuzageuza akaanza kucheka. “Kijana, umemtengenezea kifaa cha kuendelea kutembelea vidole.” Kweli, niliuskani mguu ukiwa unaning'inia, vidole vinaangalia chini, kwa hiyo plastiki ikashika ule ubovu wenyewe!

Akanionyesha. Ukimkunja goti ule msuli wa nyuma ya mguu unalegea, hapo unaweza kukirudisha kisigino taratibu mpaka nyayo na muundi vikae nyuzi 90. Lakini nani atamshika mtoto hivyo dakika tatu bila kutikisika, maana akitikisika skani inatoka kama uji. Mzee akamfunga hogo kama wanavyofanya siku zote, likakauka, akalikata, akamimina jasi ndani, tukapata mguu wa jasi. Huo sasa haulii wala hauombi juisi, nikauweka juu ya stuli nikauskani kwa nafasi yangu. Kwenye kompyuta mzee kakaa pembeni ananielekeza: hapa penye mfupa wa kifundo ongeza nafasi, hapa chini ya kisigino usiguse.

Cha pili nikakiprinti kimesimama wima, kikapasuka kwenye kifundo nilipokikunja kwa mkono tu, bado hajakivaa. Printa inapanga plastiki tabaka kwa tabaka na udhaifu uko pale yanapoungana, kwa hiyo ukikisimamisha mpasuko unakata nyuma ya kifundo ambako ndiko kunakolemewa kila hatua. Kilaze ubavu. Bahati sahani ya printa yangu ni sentimita 22 kwa 22 na mguu wa mtoto ukaenea, wa mtu mzima sijui ningeuweka wapi.

Cha tatu nilitumia PLA, plastiki ileile ya vifuniko, nikakiacha kwenye bajaji juani mwezi wa kwanza, narudi kimejikunja kama chapati. PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi na jua letu mnalijua. Nikahamia PETG, plastiki nyingine, hiyo inahimili joto zaidi, ila unyevu wa pwani inaunywa, ukiprinti inalia tik tik na inatoka na vinyweleo, siku hizi naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Cha nne ndio kikakaa! Masaa 19, umeme ukakatika mara moja, printa ikaendelea ilipoishia lakini ikaacha mstari, mzee akakataa kata kata, akasema huo mstari ndio utakaovunjika. Nikarudia, nikaazima betri kwa jirani.

Siku ya kwanza alivaa nusu saa tu, tukavua tukaangalia ngozi. Palikuwa na wekundu juu ya kifundo, tukasubiri dakika 20 haujaondoka, mzee akakipasha kifaa moto kidogo hapohapo akapasukuma nje. Hiyo kazi ya dakika mbili mimi nisingeijua hata ningekuwa na printa kumi.

Tatizo lililobaki ni kiatu. Mguu wenye kifaa unataka namba 30, wa kushoto 28, dada akanunua pea mbili mtumbani. “Mjomba, hivi vingine vya nani?” ananiuliza kila akija. Viko juu ya printa, cha kushoto 30 na cha kulia 28, mwenye mtoto anayevaa kifaa mguu wa kushoto apite avichukue.