Kutoka Reli hadi Stesheni

Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli. Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Kati ya kata hizo mbili hakuna hata futi moja ya chuma.

Hilo nilikuwa nalijua siku nyingi, kama anavyolijua kila aliyewahi kufanya kazi kusini, ila halikuwahi kuninyima usingizi. Mimi ni mpima ardhi. Nilikuwa Masasi kwa kazi ya viwanja, na jioni moja nikakunjua ramani ya zamani ya Bonde la Lukuledi kutafuta kitu kingine kabisa. Macho yakanasa kwenye mstari mwembamba wa vikato ulioambaa na mto, ukapita katikati ya mashamba bila kujali mipaka ya mtu. Kwa lugha ya ramani, mstari ule ulisema: hapa lilikuwapo tuta la reli. Kazi ilipoisha nilibakiwa na siku nne. Wenzangu wakapanda basi la Dar es Salaam, mimi nikapanda la Mtwara. Reli haifuatwi kuanzia katikati.

Asubuhi ya kwanza nilimwomba kijana wa bodaboda anipeleke Reli. Akanipeleka, akazima pikipiki mbele ya duka la vocha na gesi.

"Sasa reli yenyewe iko wapi?"

"Si ndiyo hapa, bosi. Ushafika."

Hakuwa na kosa. Reli kwake ni mahali, kama Shangani au Chikongola. Ni nyumba za bati, mama wa vitumbua, na foleni ya ndoo bombani. Nilizunguka pale saa nzima nikiangalia chini kama mtu aliyedondosha pete. Mtaa mmoja tu ulinitia shaka. Ulikuwa mrefu na umenyooka, na ulipopinda ulipinda pole pole, kwa duara pana. Watu wakijijengea mtaa wenyewe hawapindi namna ile. Barabara inaweza kukata kona kali, hata mkokoteni unaweza, lakini treni haiwezi. Nikaandika kwenye daftari: "Huenda."

Mtwara yenyewe ni mtoto wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, wakapanga mwaka 1946 kulima karanga kwa mashine katika zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndiko kulikochaguliwa. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani, na hata vifaru vilivyovuliwa mizinga vikageuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Nachingwea ilikuwa na mvua kuliko Kongwa, lakini ilikuwa mbali na kila kitu, kwa hiyo ikabidi ijengewe bandari na reli yake. Bandari ikawa Mtwara, na mji ukachorwa kwenye karatasi kabla ya kuwa na watu. Ndiyo sababu barabara zake ni pana hadi leo, mtu unavuka peke yako mchana kweupe ukihisi kama umechelewa sherehe.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba mradi umekufa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Bandari ya Mtwara ilikamilika 1954. Soma tena hiyo miaka. Gati lilikamilika wakati karanga zilizolengwa kupita hapo zimeshazikwa miaka mitatu.

Nilishuka Mikindani kunywa chai tu. Boma la Wajerumani la 1895 limesimama vizuri, watalii wanalipiga picha, lina bango na mlinzi. Jengo la mkoloni wa kwanza limetunzwa, njia ya mkoloni wa pili haina hata kibao. Sina ugomvi na boma, ila nililitazama kwa wivu kidogo.

Kutoka hapo basi lilikwenda nyuma ya malori. Ya saruji, ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoshuka bandarini, na kwa kuwa ulikuwa msimu, ya korosho pia. Konda alikuwa anayahesabu kwa sauti kila tulipopishana nayo, akafika ishirini na saba akachoka. Nilikaa dirishani nikila ming'oko ya kuchemsha, nikifanya hesabu ya bure: behewa moja lingebeba mzigo wa malori mangapi kati ya haya. Ni ugonjwa wa kazi yangu.

Nilishuka Mnazi Mmoja, njia panda ya kwenda Lindi, nikaenda Mkwaya. Wengi hudhani reli ile ilianzia Mtwara. Haikuanzia huko. Karanga zilikuwa na haraka na gati la Mtwara lilikuwa bado, hivyo njia ya kwanza iliondokea Mkwaya, kwenye hori la Mto Lukuledi. Kipande cha kutoka Mtwara kilikuja kuungwa baadaye. Nilikuta mikoko, tope, na wavuvi wawili wakishona nyavu. Nikawauliza kuhusu reli. Mmoja akasema babu yake alikuwa akiitaja, mwingine akauliza kama nanunua kaa. Nikanunua kaa.

Usiku nililala Mtama, mji wenye jina la nafaka na maisha ya korosho. Asubuhi magari yalikuwa yamepanga mstari nje ya ghala, vijana mabegani wamejifunga magunia matupu kama kofia za mvua, wanashusha korosho ghafi kwenda kwenye mzani. Karani wa chama cha msingi alinikaribisha kiti. Kusini, stakabadhi ya ghala ni habari ya kila nyumba: mkulima anakabidhi korosho, anapewa karatasi, anasubiri mnada. Asiyeweza kusubiri, maana ada ya shule na mgonjwa havisubiri mnada, anauza mapema kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kangomba. Nilimwuliza karani kama ghala lile ni la tangu enzi za reli. Akacheka.

"Reli ingekuwepo tungepanga foleni hii?"

Swali lile limekaa kichwani mwangu kuliko vyote nilivyosikia safarini. Reli ya kusini ilifungwa 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa miezi tu, kwa sababu haikuwa na mzigo wa kuilipa. Kwa hesabu za mwaka ule ni kweli. Lakini mikorosho iliyokuwa ikipandwa wakati huohuo ilikuwa bado miche. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini, na vyuma vilikuwa vimeshang'olewa muongo mzima. Barabara ya kwenda Dar es Salaam masika ilikuwa tope, na Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilikuja kufunguliwa 2003. Reli ilijengwa kwa ajili ya zao ambalo halikuota, ikaondolewa kabla ya zao lililoota. Mhasibu atasema uamuzi ulikuwa sahihi. Mimi si mhasibu.

Kati ya Mtama na Nyangao ndipo nilipoliona tuta. Kulitafuta kuna ufundi wake. Barabara hukubali kupanda kilima, reli hukizunguka, au hukikata, au huinuliwa kwa udongo ili isipande sana. Kwa hiyo usitafute chuma, tafuta usawa. Tafuta mahali ambapo nchi yote inapanda na kushuka, halafu kuna ukanda mmoja mwembamba unaokataa kupanda na kushuka nayo. Nilikodi bodaboda kwa siku nzima, tukaiacha lami, na kama kilometa mbili ndani ya mikorosho nikamwambia dereva asimame. Alisimama, lakini kwa sababu nyingine: tairi la nyuma lilikuwa limepata pancha. Wakati anahangaika na solusheni, mimi nilipanda juu ya kilima kidogo kilichojaa mbaazi, na nilipofika juu nikajua sijasimama juu ya kilima. Kilikuwa kirefu na kimenyooka mbele na nyuma hadi macho yaishie, upana wake ukitosha treni na mtu mmoja wa kuipisha. Mbaazi zilipandwa juu yake kwa mstari mmoja, nadhifu, kama abiria.

Niliufuata mstari ule kwa miguu. Palipokuwa na kijito, chini ya tuta kulikuwa na kalvati ya zege, nzima kabisa, na maji kidogo yakipita ndani yake. Nikachutama kulitazama, zege halina hata ufa. Maji yale yamekuwa yakipishwa kwa adabu zaidi ya miaka sitini ili yasisumbue treni isiyokuja.

Upande wa pili kulikuwa na nyumba, na mbele ya mlango wake, juu ya mfereji wa maji ya mvua, limelazwa taruma la chuma, lile pande linalolazwa kukingama chini ya reli. Limekuwa daraja la watoto na kuku. Mzee alitoka na kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea au unatafuta?"

Nikamwambia. Akalipiga taruma kwa fimbo, likalia kama kengele ya shule. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu, akasema, reli ilipoondolewa. Alidhani walikuja kuitengeneza, na wao watoto walifurahi. Treni ikaja taratibu, ikasimama. Watu wakafungua vyuma vya mbele yake, wakavipakia kwenye mabehewa, treni ikarudi nyuma kidogo. Wakafungua vingine, ikarudi tena. Kutwa nzima hivyo, siku kwa siku.

"Ilikuwa inarudi Mtwara huku inajikunja kama jamvi," akasema. "Sisi tunaikimbilia kwa mbele, yenyewe inatukimbia kinyumenyume."

Niliwahi kusoma kwamba reli huondolewa hivyo. Ndiyo njia nyepesi ya kubeba vyuma vizito kiasi kile, treni isimame juu ya njia ileile inayoila. Lakini kusoma ni kusoma. Mzee alinionesha kwa mkono mahali treni ilipokuwa mara ya mwisho alipoiona, kwenye pindo la bonde, na mkono wake ukabaki juu kwa muda.

Nyangao tulipita, Ndanda nilijaza chupa maji ya chemchemi, Masasi nikalala chini ya yale majabali yake ambayo hayahitaji kusimuliwa. Kesho yake asubuhi nikaingia Nachingwea.

Nachingwea bado ina umbo la mradi. Barabara za mjini zimepigwa rula. Mashamba ya karanga yalipewa namba badala ya majina, na moja kati ya namba hizo limeingia kwenye historia kwa mlango mwingine kabisa: Farm 17, ambako FRELIMO waliweka kambi ya kuwafunza wapiganaji wao katika miaka ya 1960. Shamba lililokataa kutoa mafuta kwa Uingereza likaotesha askari wa kuikomboa Msumbiji. Samora Machel alikanyaga vumbi hili. Nilitamani kukaa siku mbili nizunguke huko, lakini nilikuwa nimebakiwa na mchana mmoja, na nilikuwa nimeapa kumaliza reli yangu.

Stesheni, basi. Nilishuka nikauliza. Wa kwanza alidhani nataka kituo cha mafuta. Wa pili alinipeleka ofisi ya kata. Wa tatu, kijana mwenye toroli la maji, alisema kuna sakafu ya Wazungu nyuma ya mikorosho ya mama fulani, twende.

Ilikuwa sakafu kweli. Zege lililoinuka kutoka ardhini kimo cha goti, refu, jembamba, pembe moja imemong'onyoka. Juu yake yalianikwa makopa ya muhogo, meupe kwenye jua. Upande mmoja ardhi ilikuwa sawa kama meza. Huenda ni jukwaa la abiria, na huenda ni sakafu ya ghala au karakana, kwa kuwa mradi ule ulimwaga zege kila mahali. Nilitoa tepi nikapima urefu, nikapima upana, nikachukua alama kwa GPS ya mkononi. Chombo kikaniuliza jina la alama. Nikaandika STESHENI, nikafuta, nikaandika SAKAFU 1.

Nilipoinua kichwa mwenye makopa alikuwa amesimama mbele yangu, kanga kiunoni, na nyuma yake majirani watatu.

"Mwanangu, hiyo ni ile reli mpya?"

Kusini kote kuna habari ya reli mpya, ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo imekuwa kwenye mipango na hotuba miaka na miaka. Nikamwambia hapana, mama, mimi natafuta ya zamani tu, natembea kwa hela yangu.

"Anayetafuta ya zamani hapimi," akasema.

Nikajaribu tena kueleza. Jirani mmoja akauliza fidia ya mkorosho unaozaa ni shilingi ngapi siku hizi, na kama ule usiozaa nao unahesabiwa. Nikasema sina orodha, mimi si mtu wa serikali. Mama akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemvumilia mtoto anayeficha kitu, akanishika kiwiko akanivuta kutoka kwenye sakafu kuelekea shambani.

"Huu mmoja. Aliupanda marehemu. Huu wa pili. Andika, mbona huandiki?"

Nikafungua daftari.

"Na ule mdogo pale, nyuma ya kichuguu. Usije ukauacha."

Nikaandika na ule mdogo.